Mkwe Anayekanyaga Tuta Langu

3 Oktoba
Nesi wa zahanati amenipa daftari hili niandike presha yangu kila siku. Nimemwambia presha yangu inapandishwa na watu, kwa hiyo nitaandika watu. Akacheka. Alidhani natania. Shuleni nilikaa miaka mitatu tu, lakini kuandika naweza, na macho yangu bado yanauona upumbavu kutoka mbali.

Mpunga umekwisha kupandwa Shamba Kubwa. Mvua ni ya rasharasha. Presha sikupima.

5 Oktoba
Mkwe wangu Bagindo amepita tena juu ya tuta la kati ya majaruba ya Shamba Kubwa kwenda kwenye kibanda cha kahawa. Tuta limelowa, yeye anakanyaga tu. Nimemkemea kupitia kwa binti yangu Yulinar, kwa sababu mama mkwe anayejiheshimu hamgombezi mkwe uso kwa uso. Nikasema, "Mwambie mumeo barabara ipo." Yulinar akasema, "Mama, barabara inazunguka mbali." Basi azunguke. Ana kazi gani nyingine?

Ni mtu wa Pariaman, huko pwani. Kwao mwanamume ndiye anayetolewa mahari, tulimleta kwa pikipiki na pete, na tangu aingie nyumba hii miaka ishirini na miwili iliyopita sijamsikia akisema zaidi ya "ndiyo, Mama." Pikipiki ile ilikuwa na maneno mengi kuliko yeye.

9 Oktoba
Mvua.

11 Oktoba
Mjukuu wangu Resti amerudi kutoka chuo cha Padang na wenzake wawili wenye miwani. Wamekuja kutufundisha kuzungumza. Sisi, watu wa kijiji hiki, nagari yetu, ambao hata kuoa kunataka siku nne za hotuba, tunaletewa watoto watufundishe kuzungumza.

Jambo lenyewe ni njia. Mwaka jana galodo ilishuka kutoka mlima Marapi, tope na mawe makubwa kama nyumba, ikalikuta daraja limejaa watu wa Kampung Tepi wanakimbia. Kampung Tepi wanaishi ukingoni mwa mto, na daraja lile ndilo lilikuwa njia yao pekee ya kufika palipoinuka, maana tuta la shamba langu si njia ya watu. Mtoto wa kiume wa Nurtija, mwanamke wa huko huko, alikuwa juu yake. Tangu hapo wamewekewa king'ora kule juu ya mto. Wana king'ora, hawana pa kukimbilia. Sasa serikali iko tayari kumwaga barabara ya saruji iliyonyooka kutoka kwao hadi kilimani kwetu, ikate Shamba Kubwa katikati.

Shamba Kubwa nimepewa na mama, aliyepewa na mama yake. Haliuzwi, haliwekwi rehani. Nyumba nane zinakula humo. Msiba wa daraja niliulilia kama kila mtu. Lakini kulia ni kitu kimoja, na kukata shamba ni kitu kingine.

Sasa mashine yao. Ni programu ya simu. Kila mtu anaandika wazo lake bila jina. Wengine wanabonyeza: nakubali, sikubali, napita.

"Nikitaka kumjibu mtu je?" nikauliza.

"Hakuna kujibu, Bibi. Ukiwa na hoja, unaandika yako."

"Basi watu wa kibanda cha kahawa watakufa wiki hii."

Resti akacheka mpaka akakaa chini. Anasema ndiyo maana yake: bila jina hakuna wa kutukanwa, bila kujibu hakuna wa kugombana naye. Nikamwambia ugomvi bila mtu wa kugombana naye ni chai bila sukari.

18 Oktoba
Resti ananisomea mawazo ya watu jioni baada ya Maghrib. Mtu mmoja anataka helikopta. Mwingine anataka Kampung Tepi wote wahamie Padang. Huyo ni jirani yangu wa kushoto, namjua kwa uvivu wake hata asipotaja jina. Mwingine ameandika: "Mwenye Shamba Kubwa ni mchoyo anayengoja wengine wafe."

"Bonyeza sikubali," nikasema. "Tena. Tena."

"Bibi, hata ukibonyeza mara kumi inahesabu moja."

Mashine imechora ramani ya nani anawaza sawa na nani. Imegundua makundi mawili: watu wa juu na watu wa chini. Hilo nilikuwa nalijua bila umeme. Resti anasema mashine haitafuti mshindi, inatafuta wazo ambalo makundi yote mawili yanaweza kulikubali.

"Kumbe ni mshenga," nikasema.

"Eeh, Bibi. Mshenga asiyekula."

22 Oktoba
Nimekutana na Nurtija kisimani. Alikuwa anasugua sufuria kana kwamba ni uso wa mtu.

"Shikamoo, Mama wa Shamba Kubwa," akasema. "Bado umelilalia kama kuku anayeatamia mayai mabovu?"

"Mababu zangu waliwapa ninyi ukingo wa mto mkae. Hamkusema ni mabovu siku hiyo."

"Walitupa mahali ambapo wao wenyewe hawakutaka kulala. Ahsante zao."

"Njoo uchukue na mlango wangu basi."

"Mlango wako sitaki. Nataka pa kuweka miguu, mawe yakija." Akajitwisha ndoo akaondoka bila kuaga. Mwanamke mkavu. Wa kuja wote ndivyo walivyo, vizazi vitano hapa na bado hawajajifunza kuaga.

Maji ya kisima yalikuwa na rangi ya udongo.

25 Oktoba
Mvua mchana kutwa. Mkwe juu ya tuta, asubuhi na jioni.

27 Oktoba
Leo Resti alinisomea wazo, nikamwambia asome tena. Nalinakili, maana ni la kwanza lenye kichwa na miguu:

"Watu wa chini hawaombi shamba, wanaomba njia. Tuta la zamani tayari linatoka kwao hadi kilimani. Limepinda, lakini mtu aliyelizoea analipita hata bila taa, mguu unajua. Msikate shamba. Lipanueni tuta lile, lijengwe kwa mawe pembeni, maji yapite kwenye mabomba chini yake. Ardhi ibaki ya ukoo. Watu wa chini walilipe kwa kulitunza kila msimu wa kupanda, ili wasipite kama ombaomba."

Ile ya mwisho ndiyo iliyonishika. Ili wasipite kama ombaomba. Huyo ni mtu anayejua heshima ni nini. Nikabonyeza nakubali kwa kidole changu mwenyewe. Resti akanionyesha ramani: watu wa juu wamekubali, watu wa chini wamekubali. Mtoto alikuwa anatetemeka kwa furaha kama aliyeolewa.

"Nani huyu?" nikauliza.

"Mashine haisemi, Bibi. Hata mimi sijui."

Mimi ninajua. Ni mdogo wangu, Datuk, kichwa cha ukoo wetu. Nani mwingine ana maneno ya namna hiyo?

28 Oktoba
Datuk amekuja kula. Nimempa nyama ya rendang ya chini ya sufuria, ile nyeusi, ambayo huwa namnyima. Nikamwambia nimelisoma wazo la tuta na kwamba mama yetu angejivunia mwandishi wake. Akapangusa masharubu.

"Mawazo mengine huja tu, Dada," akasema.

Nikamwongezea nyama.

2 Novemba
King'ora kimejaribiwa. Mbuzi wa jirani amekata kamba na hajarudi. Daraja la mianzi waliloweka mahali pa lile la zamani linacheza mto ukijaa. Watu wa Kampung Tepi wanavuka mmoja mmoja, na kila mmoja akifika ng'ambo anageuka kuangalia nyuma. Leo niliwatazama muda mrefu kuliko nilivyokusudia.

6 Novemba
Nitaandika mengi. Mkono uniume tu.

Leo ndiyo mkutano wa ukumbi wa nagari. Kwetu hatupigi kura. Mpaka kila mmoja aridhike, hakuna lililoamuliwa, na mtu mmoja akiketi na "hapana" yake, wote wanaenda nyumbani mikono mitupu. Fundi wa serikali alikuwepo na akasema wazi: uamuzi usipopatikana leo, mawe na saruji vinapelekwa nagari nyingine, na hapa watarudi mvua zikiisha. Mvua zikiisha. Kila mtu akamtazama Nurtija, na Nurtija akatazama mkeka.

Resti akaonyesha ramani yake ukutani, akasoma wazo la tuta. Nikasema, mbele ya wote, kwamba kwa njia ile mimi ninatoa tuta, na nyumba zote nane zinanifuata. Ukumbi ukavuma. Wazee wakamgeukia Datuk aeleze, kwa kuwa nimeshatangaza kwa nusu ya nagari kwamba wazo ni lake. Mdogo wangu akasimama. Akaanza na kuumbwa kwa dunia, akashuka kwa mababu, akapanda Marapi, akarudi kwa mababu. Kahawa ikapoa mara mbili.

Nurtija akanyoosha mkono. "Datuk, samahani. Mama yangu hatembei, tunambeba. Pale mfereji wa pili unapokata tuta, tutapitaje na mvua inanyesha?"

Datuk akasema mababu waliona mbali.

"Sikuuliza mababu," Nurtija akasema. "Nimeuliza mfereji."

Mdogo wangu akanyoosha kikombe aongezewe kahawa. Hajui mfereji. Hajalikanyaga tuta lile tangu avae suruali ndefu, huwa anapelekwa kwa gari. Mtu wa Kampung Tepi nyuma akaguna, "Mmeona, ni maneno tu. Twendeni zetu." Wengine wakaanza kukusanya sarungi zao.

Wakwe ndio wanaogawa kahawa kwenye mikutano yetu, ndiyo kazi yao humo ndani. Vikombe vikaanza kugongana kwenye sinia. Nikageuka. Bagindo alikuwa amesimama kati ya mstari wa wazee na mlango, sinia mkononi, midomo imebanwa kama mtu aliyemeza pilipili na hataki kukohoa. Na mimi nikakumbuka: mtu aliyelizoea analipita bila taa, mguu unajua. Ni nani analipita tuta langu jioni bila taa? Ni mtu mmoja tu, na nimekuwa nikimkemea miaka yote.

Mkwe hakai kutwa nyumbani kwa mama mkwe, asije akaonekana ananyemelea sufuria. Anatoka asubuhi, anarudi giza likiingia. Sisi ndio tuliompa tuta lile, kisha tukamgombeza kwa kulikanyaga.

"Bagindo," nikasema. "Weka sinia chini."

Ukumbi mzima ukanigeukia. Yulinar akajifunika uso.

"Ni wewe uliyeandika?"

"Ndiyo, Mama."

Maneno yake yale yale mawili. Nikasema, "Basi eleza mfereji."

Mzee mmoja wa ukoo wa jirani akapiga paja. "Tangu lini mkwe anazungumzia shamba la ukoo wa mkewe?"

"Shamba ni la nani?" nikamuuliza.

"La kwenu."

"Basi kunywa kahawa yako."

Bagindo akaketi ukingoni kabisa mwa mkeka, nusu ndani nusu nje, akasema akitazama mikono yake. "Pale mfereji wa pili maji yamelila tuta kwa chini. Juu linaonekana zima, ndani ni pango. Mimi huruka. Aliyembeba mama yake hawezi kuruka. Bomba halitatosha hapo, litaziba. Panataka jiwe moja bapa, refu, lilale kutoka ukingo hadi ukingo. Jiwe lipo. Liko pale daraja lilipokuwa. Galodo ililileta." Akaongeza polepole, "Sikuliandika hilo la jiwe. Niliona si langu kulisema."

Jiwe lile watu wanalikwepa. Waliopotea walipatikana chini yake.

Nurtija akasema, "Lichukueni. Limekaa bure vya kutosha."

Nikamuuliza Bagindo kwa nini hakuyasema haya nyumbani. Akajibu bila ukali wowote, "Nyumbani ningeyasemea wapi, Mama?"

Nikamsogezea kikombe cha kahawa kutoka kwenye sinia yake mwenyewe.

Kila mmoja akaulizwa, kila mmoja akaridhika. Datuk ndiye aliyetangaza uamuzi, kwa kuwa ndiye Datuk. Alianza na kuumbwa kwa dunia.

7 Novemba
Datuk amekuja kula. Nimempa wali na mchicha.

15 Novemba
Kazi inaendelea. Juu na chini wote wako tutani na majembe na ndoo. Vijana wa miwani wamepata malengelenge na wanayapiga picha. Jiwe liliburutwa kwa kamba na magogo, na Nurtija alitembea kando yake mpaka likalazwa. Kisha akalipanda, akasimama katikati, akalikanyaga kwa kisigino mara moja. "Limetulia," akasema, akarudi kubeba mchanga.

Wamekanyaga miche yangu safu mbili. Nimewatukana wote kwa usawa.

24 Novemba
Mvua. Tuta limefika kilimani. Bado pembe moja haijajengwa mawe. Mkwe sasa anasalimiwa na watu njiani na haelewi afanye nini na mikono yake.

3 Desemba
Ilikuja baada ya Alasiri.

Tangu mchana mlima ulikuwa umefunikwa na mto ulikuwa umepungua, jambo ambalo kila mjinga anaogopa, maana maji yamezibwa juu. Nilikuwa napepeta mchele. King'ora kikalia. Nilitoka kwenye ngazi na ungo mkononi.

Niliwaona wakitoka Kampung Tepi. Hawakwenda darajani. Walipinda kwenye tuta, mstari mmoja mrefu wa miavuli na vichwa na watoto migongoni, wakapinda kila lilipopinda. Barabara ya saruji ingekuwa fupi, lakini mvua ilikuwa inawapiga usoni, na mtu wa mbele hakuona hatua tatu. Mguu unajua. Mama yake Nurtija alipita juu ya jiwe mgongoni mwa mpwa wake, anamtukana mpwa kwa kumtikisa. Nilisikia matusi kabla sijaona uso, nikajua wamevuka mfereji.

Ngurumo ilianza chini ya ardhi, ikapanda kwenye miguu ya nyumba. Watu walikuwa wanaingia kwangu kwa makundi, tope mpaka kwenye mito ya kulalia. Yulinar alikuwa anahesabu nyuso mlangoni. Akanigeukia akiwa mweupe.

"Mama, Bagindo hajafika. Yuko kibandani."

Kibanda cha kahawa kiko mtoni. Nilimtuma mwenyewe huko kwa miaka yote, kwa desturi na kwa ulimi.

Sikufanya lolote. Niandike kweli: nilisimama na ungo wenye mchele na mvua ikiujaza maji. Mto ukageuka mweusi na kusimama wima. Kibanda kikaondoka kama kofia. Majaruba yangu ya chini yakaondoka, na pembe ya tuta isiyojengwa mawe ikaondoka pia.

Kisha nikaona watu wawili juu ya sehemu iliyobaki. Mmoja alikuwa anamvuta mwingine kwa ukosi. Alikuwa Bagindo, na anayevutwa ni mwenye kibanda, aliyerudi kuchukua birika. Galodo inakuja, mtu mzima amerudi kuchukua birika. Nalo alikuwa amelishika.

Wakafika. Mwenye birika akaingia. Bagindo akabaki chini ya ngazi kwenye mvua, kwa sababu mimi nilikuwa mlangoni na nyumba imejaa, na mkwe hampiti mama mkwe akimsukuma.

"Ingia," nikasema.

"Nina tope, Mama."

"Nyumba nzima ni tope. Ingia kabla sijabadili mawazo."

Akapanda. Ndani palikuwa na nafasi moja tu, chini ya nguzo ya kati, wanapoketi wanaume wa ukoo. Datuk alikuwa hapo na blanketi. Nikamtazama mdogo wangu. Akajisogeza.

4 Desemba
Kampung Tepi zimebaki nyumba tatu. Watu wamebaki wote. Nurtija amefua mapazia yangu bila kuulizwa, na ameondoka bila kuaga.

12 Desemba
Mvua. Watu wa chini wanajenga ile pembe iliyovunjika. Hawakuitwa na mtu.

29 Januari
Mavuno. Theluthi ya shamba imekwenda na mto, na nyumba nane zitakula mihogo kidogo mwaka huu, haitawaua. Resti amerudi Padang, ameniachia simu na programu. Kuna swali jipya humo: mikutano yetu irekebishwe vipi? Watu wameandika takataka. Mmoja bado anataka helikopta.

2 Februari
Datuk amekuja kula, amekasirika mpaka amesahau kunawa.

"Dada, umeona huu upuuzi kwenye simu? Mtu ameandika kwamba wakwe waketi ndani ya mkeka na waulizwe kabla ya wajomba wa ukoo kama mimi, kwa kuwa wajomba hawaijui hata mifereji yao. Kwa ukali wa ajabu. Na watu wanabonyeza nakubali, juu na chini."

"Mtu asiye na adabu kabisa," nikasema. "Kula, wali unapoa."

"Nikimjua huyo..."

"Mashine haisemi," nikamwambia.

Nje, Bagindo alikuwa anapita juu ya tuta kwenda kwenye kibanda kipya. Datuk akaniangalia, akangoja nimkemee. Nilikuwa na nyama mdomoni.

Asubuhi nesi alinipima. Anasema presha imeshuka. Nimemwambia mashine yake ni mbovu.